Yowe la usiku: ni nani anapashwa kuitika?

Kila mtu aliyekomalia huku kwetu Kirolirwe anajua sauti ya yowe. Si kelele za walevi wanaotoka kunywa kasiksi, wala si kelele za watoto. Ni sauti moja ndefu ya mtu anayeona kwamba peke yake hataweza. Wanaosema Kinyarwanda wanaiita induru, na kila lugha ya Masisi ina jina lake. Tukizungumza juu ya desturi zetu, tunapenda kutaja mahari, ngoma na majina ya watoto. Mimi nimechagua yowe, juu naona kwamba ndani yake kuna swali ambalo usalama wetu wote unalitegemea: jirani akiita usiku, mimi nina deni gani kwake?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2014, usiku mmoja wa mvua, jirani yetu, mama mjane, alipiga yowe. Wezi walikuwa wanatoa mbuzi zake. Nilisikia. Bibi yangu naye alisikia. Niliamka, nikashika toshi, kisha nikaiweka chini. Nilijiambia: pengine wana bunduki. Nikajiambia tena: ndugu zake wako karibu, wao watatoka. Mama huyu si wa kabila langu, na lile neno "ndugu zake" lilinisaidia kurudi kulala. Asubuhi alitueleza kwamba walikuwa vijana wawili wenye mapanga, bila bunduki. Walichukua mbuzi tatu, zile alizokuwa akitegemea kwa kulipa masomo ya watoto. Tulihesabu nyumba zilizo karibu naye: ni kumi na tano. Nyumba kumi na tano zilisikia vijana wawili wakiiba, na hakuna mlango hata mmoja uliofunguliwa.

Nilipoenda kumpa pole, alinitazama akauliza: "Mwalimu, ulisikia ao haukusikia?" Jibu nililompa nitalisema mwishoni. Kwanza tutazame desturi yenyewe.

1. Yowe lilivyokuwa

Wazee walionifundisha wanasema yowe lilikuwa na amri tatu, na ya kwanza ni kuitika. Anayesikia yowe analipokea kwa sauti yake mwenyewe, kusudi lipite kutoka kilima hadi kilima. Mwizi akisikia sauti moja anajua kwamba kuna mtu mmoja tu aliye macho. Akisikia sauti kumi zinazomzunguka, anaacha mzigo na kutafuta njia ya kukimbia. Kuitika hakuombi nguvu. Mzee, mgonjwa, mama mwenye kunyonyesha, wote wanaweza kuitika wakiwa ndani ya nyumba.

Amri ya pili ni kutoka. Mwanaume mwenye afya alipashwa kutoka na fimbo ao mkuki, na kwenda kule sauti ilikoanzia. Asiyetoka aliulizwa kesho yake mbele ya wote: ulikuwa wapi? Kama hakuwa na sababu, alilipa pombe, lakini adhabu yenyewe ilikuwa aibu. Na aliyepiga yowe la uongo naye aliulizwa, maana alikuwa ameharibu kitu cha watu wote.

Amri ya tatu ndiyo tunayoisahau kuliko zote: aliyekamatwa afikishwe barzani akiwa hai. Kwa vijana waliokomalia mjini, barza ni kile kibanda kilicho wazi pande zote, mahali wazee wanakaa kusikiliza mambo ya kijiji. Pale swali la kwanza halikuwa "umeiba nini?" Lilikuwa "wewe ni mtoto wa nani?" Swali hilo lilifungua mlango. Baba aliitwa, wajomba waliitwa, na jamaa nzima ilikaa chini ya aibu ya mtu wao. Kile kilichoibiwa kilirudishwa na kitu juu yake. Kuanzia siku ile, waliomchunga yule kijana zaidi ya wote walikuwa watu wa kwao, maana hawakutaka kulipa mara ya pili.

Sisemi kwamba zamani ilikuwa paradiso. Barza ilikuwa ya wanaume, na mara nyingi sauti ya mwanamke ilifika kupitia kinywa cha baba ao cha bwana wake. Mgeni ao maskini asiyekuwa na jamaa hakuwa na wa kumjibia. Mama mzee asiyekuwa na mtoto aliweza kuitwa mchawi, na hapo hakuna aliyepiga yowe kwa ajili yake. Desturi yenye makosa hayo hatuwezi kuirudisha nzima nzima. Lakini ilikuwa imeelewa jambo moja: kulinda na kujibu ni kitu kimoja. Aliyelindwa alijua jina la mlinzi wake, na mlinzi aliweza kuulizwa.

2. Namna lilivyovunjika

Mwezi wa Machi 1993, mapigano yalianza kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, na upesi yakafika Masisi. Maelfu ya watu walikufa. Ng'ombe zilizokuwa zinalisha Goma kwa maziwa na nyama ziliibwa, zikachinjwa, zikahamishwa. Lakini kulikuwa na hasara nyingine ambayo haikuhesabiwa. Watu walianza kuuliza, kabla ya kutoka, yowe lile limetoka kinywani mwa nani. Sauti ya mtu aliye hatarini ikapewa kabila. Tangu siku zile, ukisikia yowe upande fulani wa barabara, utasikia pia mtu akisema polepole ndani ya nyumba: "Ile ni mambo yabo."

Kisha bunduki zikaongezeka. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Kivu kwa mamia ya maelfu, na kati yao walikuwamo askari na wanamgambo wenye silaha. Vita ya 1996 ikafuata, na ile ya 1998. CNDP ilikuwa na makao hapa Kirolirwe katika 2007 na 2008. Makundi mengine yalizaliwa, yakagawanyika, yakabadili majina. Januari 2023, M23 iliingia Kitchanga, na barabara yetu ikajaa tena watu wenye magodoro kichwani. Hapa sitahukumu nani alikuwa na haki. Nataka tuone jambo moja tu: karibu kila mwenye bunduki aliyepita huku alisema amekuja kutulinda, na karibu kila mara kazi iliyobakia raia ilikuwa kulipa.

Malipo hayo yana jina ambalo kila msomaji wa Masisi na Rutshuru anajua: lala salama. Ni maneno mazuri, maneno ambayo mama anamwambia mtoto wake akimfunika blanketi. Huku kwetu yamekuwa jina la kodi. Kila nyumba inatoa franka zake kwa wenye silaha, kusudi ilale. Ukifikiri vizuri, mtu anayekulipisha kusudi ulale ndiye mtu mwenye uwezo wa kukuzuia kulala. Halafu kuna bariere. Mwaka 2017 watafiti walihesabu karibu 800 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, nyingine za makundi, nyingine za watumishi wa serikali wenyewe. Mama anayepeleka maharagi sokoni anaibiwa mchana, kwa kamba iliyofungwa barabarani, na hapigi yowe juu hajui nani angeitika.

3. Majibu tatu tunayosikia

Ukiuliza watu wa hapa tufanye nini juu ya wizi na mauaji ya usiku, utapata majibu tatu.

La kwanza: tuachie polisi na askari, ni kazi yao. Ni kweli, ni kazi yao, na tusiache kuwadai. Lakini wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwizi wa mbuzi anamaliza kazi yake katika dakika kumi. Na sheria yenyewe haikutuachia tulale: kanuni ya adhabu ya Kongo inamwadhibu mtu anayeweza kumwokoa mwenzake bila hatari kwake, naye akakataa kwa makusudi. Nilipofundisha jambo hili darasani, mwanafunzi mmoja aliinua mkono: "Mwalimu, lakini usiku hatari iko kila siku. Basi sheria imetusamehe wote." Alisema kweli, na swali lake lilinisumbua. Sheria inamtazama mtu mmoja mmoja na kupima hatari yake. Yowe lilifanya hesabu nyingine. Nikitoka peke yangu, hatari yote ni yangu. Tukitoka watu thelathini, tumeigawanya. Kwa hiyo kila anayebaki kitandani anaongeza mzigo wa aliyetoka. Hofu yangu ya 2014 ilikuwa na sababu, lakini sababu hiyo niliitengeneza pamoja na majirani zangu kumi na wanne.

Jibu la pili: tuwape vijana wetu silaha. Katiba ya Februari 2006, kifungu cha 190, inakataza mtu yeyote kuunda jeshi la kibinafsi ao kulea vijana wenye silaha, na inaita jambo hilo uhaini mkubwa. Kuna wanaosema katiba iliandikwa Kinshasa, mbali na mbuzi zetu. Basi tuache katiba, tutazame tuliyoyaona. Raia Mutomboki walianza Shabunda mwaka 2005, wakati wanavijiji walichoka kuuawa, na tangu 2011 walienea mpaka Walikale na Masisi. Mwanzo wao ulikuwa yowe la kweli: watu waliitikiana, wakatoka na mapanga. Lakini bunduki zilipopatikana, vikundi vingi vyenye jina hilo viliweka bariere na kudai kodi kwa raia walewale. Sidhani kwamba walizaliwa wabaya. Kijana mwenye bunduki anapashwa kula, na asipokuwa na mshahara wala mtu wa kumwuliza, anakula kijiji.

Je, kila ulinzi wa raia unaishia hivyo? Tuangalie ndugu zetu wa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita ya Uganda, silaha zilisambaa na wizi wa ng'ombe ukawa mkali kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Wanavijiji wakaanzisha Sungusungu. Walikuwa na pinde na mishale, na yowe lao. Kila mwanaume alishiriki, kwa hiyo hawakuwa kundi la watu fulani walioachiwa kijiji. Adhabu yao kubwa ilikuwa faini na kutengwa: mtu hapewi maji, hapewi moto, hasalimiwi, mpaka akubali kosa. Wizi ulipungua, na mwaka 1989 serikali ikaingiza kikundi hicho ndani ya sheria. Lakini Sungusungu nao wana dhambi zao. Kuna sehemu walipiga watu kusudi wakubali makosa, na kuna mama wazee waliofukuzwa, hata kuuawa, juu ya kuitwa wachawi. Ninasoma masomo mawili katika habari hiyo. Ulinzi wa raia unaweza kusimama kama ni kazi ya zamu ya wote, bila mshahara wa kulazimisha. Na ulinzi huohuo ukiacha kuulizwa, unaanza na walio dhaifu.

Jibu la tatu linasikika zaidi kwa vijana: mwizi apigwe, achomwe, biashara iishe. Wanasema: "Tukimupeleka polisi, kesho tunamuona njiani anatucheka." Najua hasira hiyo, nami ninayo. Lakini nimeona sokoni kijana akipigwa juu ya simu. Alilia kwamba hakuichukua, na hakuna aliyesikiliza. Watu walipotulia, simu ilionekana ndani ya koti la mwenyewe aliyeitafuta. Kijana hakufa, lakini jicho lake moja halikupona. Na hata kama mwizi ni mwizi kweli, maiti haijibu swali. Haisemi nani alimtuma, nani alimpa panga, ni mfanyabiashara gani ananunua mbuzi usiku bila kuuliza zimetoka wapi. Mara nyingi wa kwanza kupiga kelele "achomwe!" ndiye anayeogopa jina lake litajwe. Wazee walijua hilo, na ndiyo sababu walitaka mwizi afike barzani akiwa hai.

4. Tunayopashwa kurudisha

Basi tufanye nini? Mimi si chefu wala askari, lakini mwalimu anaweza kupendekeza.

Kwanza, yowe lirudi kuwa la ujirani. Huko Tanzania tangu miaka ya 1960, na Kenya tangu 2013, watu wamejaribu kupanga nyumba kumi kumi, na mpango wa namna hiyo unajulikana hata Goma. Umetumiwa vibaya mara nyingine, ukawa masikio ya wakubwa ndani ya nyumba za wadogo. Lakini una jambo moja jema: nyumba kumi zinahesabiwa kwa mlango, na mlango hauna kabila. Mlango unaofuata ukiwa wa Muhunde, wa Muhutu, wa Mututsi, wa Munande ao wa Munyanga, ndio unaoitika kwanza. Mwaka 1998 wazee wa jamii mbalimbali za Kivu ya Kaskazini waliunda Barza ya jamii zote, na kwa miaka michache ilisaidia kumaliza magomvi ya mashamba. Ilidhoofika wakati siasa ilipoingia ndani yake, kabla ya uchaguzi wa 2006. Ile ilikuwa barza ya wakubwa. Nafikiri tungeanza chini, kwenye nyumba kumi, mahali mwanasiasa hana cha kugawa.

Pili, wanaofanya rondo ya usiku wajulikane kwa majina, wabadilishane kwa zamu, na zamu iandikwe ndani ya kaye inayokaa kwa kapita, kila mtu aweze kuisoma. Asiyeweza kutoka atoe kuni ao chai, asilazimishwe kutoa franka. Mara tu pesa inapoanza kudaiwa mlangoni, tumerudi kwenye lala salama.

Tatu, tujue mpaka wa barza. Wizi wa kuku, ng'ombe iliyoingia shambani, ugomvi wa mpaka, hayo wazee wanaweza kuyasikiliza. Mauaji na ubakaji si ya barza. Sheria ya Julai 2006 haikubali kesi ya ubakaji izimwe kwa amande, na haki inakubaliana nayo: mbuzi wawili waliopewa baba hawajamlipa binti kitu. Anayekamatwa kwa kosa kubwa apelekwe polisi, na wazee wafuate. Katiba inasema mtu asikae kasho ya polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya wenye mamlaka ya sheria. Wazee wawili wakienda kuuliza "faili yake imefika wapi?" watafanya mingi kuliko tairi na petroli.

Na kuna yowe moja ambalo hata zamani hatukuliitika vizuri: lile linalotoka ndani ya nyumba, la mama anayepigwa ao la mtoto anayeteswa. Kwa lile tuna jibu tayari: "Ni mambo ya nyumba." Sikilizeni vizuri, ni jibu lilelile la "ile ni mambo yabo", limevaa nguo nyingine. Mtoto anayekua akijifunza kwamba yowe la mama yake halina mtu wa kuliitika, tutamwomba namna gani kesho aitike yowe la jirani?

Mwisho

Kaini alipoulizwa nduguye yuko wapi, alijibu kwa swali, sawa vile kumlinda hakukumhusu. Wengi wetu tunahubiriwa habari hiyo, na tunamhukumu Kaini juu ya kuua. Tukumbuke kwamba sisi, tusioua, tunaweza kutoa jibu lake kila usiku tukiwa kitandani.

Yule mama aliponiuliza, ningeweza kusema mvua ilikuwa kubwa. Nilisema: "Nilisikia, Mama. Niliogopa." Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia: "Hata mimi ningeogopa, Mwalimu. Lakini siku ingine, hata kama hautatoka, itika. Nijue kama uko."

Nimefundisha miaka mingi na sijapata somo fupi kuliko lile. Kutoka kuna hatari, na sitamhukumu baba wa watoto anayepima hatari yake mbele ya bunduki. Lakini kuitika kunaomba sauti tu, na kila nyumba inayo. Mwizi anahesabu sauti, na mjane naye anazihesabu. Tangu mwaka ule nimeitika mara tatu. Mara mbili hakuna kitu kilichoibwa. Mara ya tatu waliiba, lakini asubuhi, tulipokusanyika mlangoni pa aliyeibiwa, hakuna aliyelazimika kuuliza nani alisikia.